Jalada la Mwanafunzi Mmoja

Katika Idara ya Maji palikuwa na mtunza masijala ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Jalada, na yeye aliitika. Masijala yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha chini chenye dirisha moja na rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini. Humo yalilala majalada yote ya idara: ya mabomba, ya mita, ya wafanyakazi, ya malalamiko juu ya mabomba na malalamiko juu ya wafanyakazi. Mama Jalada aliyajua kama mzazi anavyowajua wanawe, pamoja na watundu wake. Bomba likipasuka huko mtaani na bado halijafunguliwa jalada, kwake yeye lilikuwa halijapasuka.

Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na hakuwahi kupoteza karatasi. Alichokuwa anakipoteza kilikuwa kingine kabisa. Alikuwa anampoteza mjukuu.

Binti yake pekee aliolewa mbali, kwa watu wa lugha nyingine, akazaa mtoto wa kike. Mtoto alikuwa sasa na miaka sita na alizungumza lugha ya kule tu. Kila Jumamosi saa sita mchana simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, na uso wa mtoto ukatokea kwenye kioo.

"Msalimie bibi," binti alisema.

Mtoto alitoa neno moja, lilelile la kila wiki, kisha akageuka aende zake. Hapo ndipo mume wa Mama Jalada, fundi saa aliyekwisha kustaafu, alipojipenyeza mbele ya simu na kulia kama paka. Mtoto alirudi mbio. Babu akabweka. Mtoto akacheka mpaka akashika tumbo. Dakika nne nzima walibwekeana, bibi akiwa pembeni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi.

"Mtu mzima na mvi zako, nyau, nyau," alimwambia simu ilipokatika.

"Nalia nyau, mama, lakini ananijua. Wewe na akili zako zote anakujua miwani tu."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jumamosi iliyofuata alimwomba binti amfundishe mtoto lugha ya nyumbani.

"Mama, nimejaribu. Anaelewa 'njoo' na 'acha'. Na hiyo 'acha' siku nyingine hujifanya hajaisikia."

"Basi nitajifunza mimi ya kwao."

"Utafundishwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Kwa muuza vitabu chakavu alipata kitabu cha kujifunza lugha hiyo pamoja na kamusi iliyokatika mgongo. Kitabu kilitungwa kwa ajili ya wasafiri wa biashara, lakini hakikuwa na kingine cha kushindana nacho. Sentensi ya kwanza ilisema, "Ujumbe wetu umefika jana jioni." Ya pili iliuliza, "Mkutano utaanza saa ngapi?" Alijifunza jikoni usiku wa Jumatatu, sufuria ikamwagikia ukurasa wa salamu. Alijifunza sebuleni Jumanne, babu akaja kufanya mazoezi ya kulia kama punda. Mwisho wa wiki ya tatu alipima hali yake kwa haki, akaona kosa liko wapi: kazi ilikuwa haina jalada. Kazi isiyo na jalada haina mwenyewe, na kazi isiyo na mwenyewe hailali popote.

Basi Jumatatu alikwenda na vitabu ofisini. Saa ya mapumziko ya mchana alitoa jalada jipya la kijani, akalipa namba, akaweka ndani Fomu ya Kukabidhi Wajibu, ile ambayo wahandisi hujaza wanapopeana funguo za pampu. Penye "Kazi" aliandika: kujifunza lugha ya kule hadi kuzungumza na mjukuu. Penye "Mtekelezaji" aliandika jina lake, na kwenye mabano, mwanafunzi. Penye "Msimamizi" aliandika jina lake tena, na kwenye mabano, mwalimu. Akasaini kotekote. Alipofika penye "Shahidi" aliona aibu kusaini mara ya tatu, akamwita Dereva wa idara, aliyekuwa anakunywa chai mlangoni.

Dereva alisoma fomu yote, akitembeza kidole.

"Mama, kwa hiyo mwanafunzi akifeli, analaumiwa nani?"

"Mwalimu."

"Na mwalimu akizembea?"

"Mwanafunzi atalalamika."

"Mtapigana ngumi humu ndani, na mimi nitaitwa kuamulia." Akasaini.

Mama Jalada hakukusudia jalada lile litoke chumbani. Lakini siku iliyofuata ilikuwa Jumanne, na Jumanne majalada yote mapya hupandishwa kwa Mkuu wa Idara ili yaonwe. Mkono wake ulikuwa umezoea. Ulichukua rundo, ukaliweka kwenye kitoroli, kitoroli kikapanda juu, na la kijani lilikuwa la nne kutoka chini.

Mkuu wa Idara alikuwa mtu mpole aliyepitisha majalada sitini kabla ya chai. Jioni rundo lilirudi. Ndani ya lile la kijani palikuwa na maneno yake ya siku zote, kwa wino mwekundu: "Nimeona. Iendelee. Taarifa kila mwezi." Chini yake, muhuri.

Angeweza kupanda ngazi akasema ni makosa. Alifika hadi ngazi ya tatu. Lakini katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona wino mwekundu ukirudi nyuma, na hakujua ungerudije. Akashuka.

Mwezi ukaisha. Afisa Utumishi akateremka masijala. Huyu alikuwa kijana nadhifu, mfunga tai jua liwake mvua inyeshe, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuona agizo asilotaka kulifuatilia.

"Shikamoo, mama. Mwalimu hajaleta taarifa ya mwezi."

"Marahaba. Mwalimu ni mimi, mwanangu."

"Hilo nalijua. Nakuuliza kama masijala. Imefika?"

Mama Jalada aliangalia kitabu cha barua zilizopokelewa, ingawa alijua jibu. "Kama masijala, haijafika."

"Basi uandike barua ya kumkumbusha."

Akaiandika. Akaibandika anwani, akajikabidhi, akajigongea muhuri wa kupokea. Jioni ile alikaa kuandika taarifa, na kwa kuwa ilikuwa siku ndefu na ameandikiwa barua ya ukali, aliandika kwa ukali: "Mwanafunzi anahudhuria, lakini kichwa chake ni kigumu. Maneno ya Jumatatu yanamtoka Jumatano. Vitenzi anaviogopa kama mbwa. Akiulizwa anasingizia umri."

Jalada likapanda, likashuka. Safari hii wino ulikuwa wa buluu, wa Afisa Utumishi: "Mwanafunzi atoe maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua."

Alipoisoma taarifa ile akiwa upande wa pili wa meza, kama mwanafunzi, aliona ameonewa. Siku saba alizitumia zote. Maelezo yake yalikuwa ukurasa mmoja na nusu: "Mwalimu huchelewa. Hufundisha akiwa amechoka na akili iko kwenye vyombo vya nyumbani. Hurudia somo la kituo cha treni kila wiki kwa sababu ndilo pekee analolielewa mwenyewe. Tangu tuanze hajawahi kunisifu hata mara moja." Sentensi ya mwisho aliisoma mara mbili, akajiuliza imetoka wapi. Hakuifuta.

Afisa Utumishi aliteremka na maelezo yale mkononi, uso umemkunjamana.

"Mama, hili ni jambo zito. Mfanyakazi analalamika kunyanyaswa."

"Yupi?"

"Mwanafunzi. Mpaka uchunguzi ukamilike, mwalimu na mwanafunzi wasiwe ndani ya chumba kimoja kwa wakati mmoja."

"Mwanangu, nitafanyaje hapo?"

"Mimi natoa agizo, mama. Utekelezaji ni wa wahusika."

Mtu mwingine angecheka. Mama Jalada alikaa akalifikiria agizo lile polepole, kama anavyofikiria jalada lililofika bila namba, akaona kwamba linawezekana. Mwalimu atakuja asubuhi, kabla ya saa mbili. Ataandika mazoezi, atayaacha kwenye trei ya mbao dirishani, ataondoka. Mwanafunzi ataingia saa ya mapumziko ya mchana, atachukua mazoezi, atajibu, atayarudisha kwenye trei. Hawataonana.

Wiki ya kwanza mwalimu alisahihisha kama kawaida yake, mistari mingi. Lakini asubuhi moja, akisoma majibu ya mtu asiyekuwepo, aliona mtu huyo amejitahidi kweli. Alikuwa ameandika neno moja mara kumi na mbili mpaka likamnyookea. Mwalimu akaandika pembeni, "Vizuri." Mchana mwanafunzi aliikuta, akatazama huku na huku kama mtu aliyeokota kitu njiani, akala chakula chake taratibu siku hiyo.

Kesho yake mwanafunzi aliacha ombi: "Naomba tuachane na kituo cha treni. Mjukuu hana treni." Asubuhi mwalimu akajibu: "Ombi limekubaliwa. Tafuta kwenye kamusi vitu vya nyumbani na viungo vya mwili. Usikimbie." Wakaenda hivyo wiki tano. Dereva alipopita mlangoni asubuhi alisalimia, "Habari za leo, mwalimu," na mchana, "Pole na masomo, mwanafunzi," na siku aliyochanganya aliomba radhi.

Maneno yaliongezeka. Jumamosi, hata hivyo, haikubadilika. Tena ilikuwa mbaya zaidi. Mama Jalada sasa alikuja mbele ya simu na karatasi. Alivaa miwani, akaitafuta sentensi, akaifuata kwa kidole, akaisoma yote bila kosa: "Je, wewe ni mzima wa afya? Je, viatu vyako ni vya rangi gani?" Alipoinua kichwa apokee jibu, kioo kilionyesha kiti kitupu. Babu akajipenyeza, akalia kama bata, na kiti kikapata mtu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, binti alikuja kwenye simu peke yake.

"Mama, usikasirike."

"Sema."

"Leo amekataa kuja. Anasema bibi anamsomea barua."

Mama Jalada alikunja karatasi yake mara nne.

"Nafikiri tumpumzishe kidogo," binti alisema. "Wewe na baba mnisalimie mimi. Yeye atakuja akijisikia. Mimi sitaki aione simu kama adhabu."

"Apumzike mpaka lini?"

"Sijui, Mama. Watoto hawajulikani."

Usiku ule babu hakulia mnyama yeyote. Jumatatu asubuhi mwalimu aliandika taarifa ya mwezi kwa mstari mmoja: "Lengo halijafikiwa." Angeweza kuandika vingine. Lakini ilikuwa ndiyo kweli, na taarifa ni taarifa.

Alhamisi ya wiki hiyo Kamati ya Nidhamu ilikaa. Kamati ilikuwa na watu watatu: Mkuu wa Idara akiwa mwenyekiti, Afisa Utumishi akiwa katibu, na Dereva akiwa mwakilishi wa wafanyakazi, aliyechaguliwa kwa kuwa siku ya uchaguzi alikuwa safarini. Mbele yao viliwekwa viti viwili, kimoja kina karatasi iliyoandikwa "Mwalimu", cha pili "Mwanafunzi". Mama Jalada aliingia na jalada, kwa kuwa ni kazi ya masijala kuleta jalada, akaliweka mezani na kubaki amesimama.

"Wahusika wamefika?" Mkuu aliuliza.

"Wamefika," alisema Afisa Utumishi. "Wameahidi kukaa kwa zamu."

Mama Jalada alianza na kiti cha mwalimu. Aliulizwa kama ni kweli hakuwahi kumsifu mwanafunzi. Akakubali ni kweli kwa miezi ya mwanzo, akaomba itazamwe na miezi ya mwisho. Akahamia kiti cha mwanafunzi. Aliulizwa kama bado ana kinyongo.

"Hapana," alisema. "Siku hizi ananivumilia."

"Unaweza kumwangalia usoni ukasema hivyo?" Mkuu alisema kwa upole, kisha akatazama kile kiti kingine, akakohoa. "Iandikwe kwamba wamepatana."

"Hilo la kupatana ni jema," alisema Afisa Utumishi, "lakini lipo la lengo. Taarifa inasema halijafikiwa. Kanuni ni hii." Akasoma. Kazi iliyoshindikana jalada lake hufungwa kwa utepe, na halifunguliwi tena kabla ya miaka mitano; na msimamizi haruhusiwi kumsimamia tena mtekelezaji yule katika kazi ile.

Mama Jalada alipiga hesabu. Miaka mitano. Mtoto angekuwa na kumi na mmoja, na kwa uzoefu wake watoto wa kumi na mmoja hawaongei na mtu. Alijua kwamba nyumbani hakuna anayeweza kumzuia kufungua kamusi. Lakini mkono wake ulikuwa umefunga majalada kwa utepe ule miaka yote hiyo, na kilichofungwa kilikuwa kimefungwa. Hakuijua namna nyingine ya kuishi na vitu.

"Halijafikiwa kwa kipimo gani?" Dereva aliuliza ghafla.

"Kwa taarifa ya mwalimu."

"Mwalimu ndiye mshtakiwa. Mwanafunzi naye ni mlalamikaji. Nani hapa mwingine anaijua hiyo lugha?"

Mkuu aliijua sentensi moja ya kuagiza chai, tena alikiri haikuwahi kumletea chai.

"Panahitajika mtahini wa nje," alisema Afisa Utumishi, na macho yakamng'aa kidogo. "Mzawa wa lugha. Asiye na maslahi."

"Si yuko mjukuu?" alisema Dereva. "Shule kule zimefungwa, mama alinieleza. Tumpigie."

"Mjukuu ana maslahi."

"Mjukuu hataki hata kumwona. Asiye na maslahi kuliko huyo utampata wapi?"

Hoja ilipita. Mama Jalada alihisi moyo unamwenda mbio kama pampu isiyo na maji. "Karatasi zangu," alisema, na kunyoosha mkono kwenye jalada.

Afisa Utumishi aliweka kiganja juu yake. "Hizi ni vielelezo, mama. Hazitoki mpaka kikao kiishe."

Simu iliegemezwa kwenye gudulia la maji. Binti alitokea, nywele nusu zimesukwa.

"Mama! Leo Alhamisi. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna kikao."

"Kikao gani? Hao nyuma yako ni nani?"

"Ni Kamati. Mwanangu, niitie mtoto. Mwambie sina karatasi."

Binti akaondoka kwenye kioo. Walisikia mabishano ya mbali. Kamati ilisubiri, kalamu mkononi. Hatimaye mtoto akaja, amenuna, midomo ameibana kwa nguvu.

Mama Jalada alifungua kinywa akakuta hakuna kitu. Kituo cha treni kilikuwa kimeondoka, na ujumbe uliofika jana jioni pamoja nacho. Hakuwa na pa kutazama ila usoni mwa mtoto, akautazama, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba midomo ile haikubanwa kwa hasira peke yake. Kulikuwa na kitu kinafichwa.

"Mdomo," alisema kwa lugha ya kule. Lilikuwa neno la wiki ya pili ya trei. "Mdomo, nini?"

Mtoto alimwangalia. Akaangalia mikono ya bibi, ikiwa mitupu kweli. Kisha akafungua mdomo. Mbele, chini, palikuwa na pengo.

"Aa!" alisema bibi. "Jino! Jino kwenda wapi?"

"Nimelimeza," alisema mtoto.

Neno hilo hakulijua. Mtoto akalionyesha: akatafuna mkate usiokuwepo, akameza, akafuatisha kwa kidole kutoka kooni kwenda chini.

"Tumbo? Jino ndani ya tumbo?"

"Ndiyo. Jana. Na mkate."

"Sasa jino fanya nini ndani ya tumbo?"

Mtoto alifikiri. Ilionekana hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo. Mama yake alikuwa amemwambia tu si kitu, litatoka. "Linakula," alisema. "Linakula chakula changu kabla yangu."

"Jino baya!"

"Jino baya sana!" Na akacheka. Alicheka mpaka akatoka kwenye kioo, akarudi mwenyewe bila kuitwa. Bibi akauliza kama jino lina njaa asubuhi. Mtoto akasema asubuhi linalala. Bibi akauliza linalala wapi, kitanda kiko wapi. Kila sentensi yake ilikuwa imevunjika mahali, na mtoto aliruka pale palipovunjika kama mtu anayeruka dimbwi, akaendelea. Kamati haikuelewa hata neno. Katibu, kwa kuwa muhtasari lazima uandikwe, aliandika: "Mtahini akaonyesha pengo. Mjadala. Kicheko. Mjadala." Dakika kumi na moja zikapita.

"Tuombe uamuzi wa mtahini," hatimaye alisema Mkuu, akafuta macho. Alikuwa amecheka bila kujua anacheka nini.

Mama Jalada alimuuliza mtoto, kwa maneno aliyokuwa nayo, bibi anazungumza namna gani, vizuri au vibaya. Mtoto hakusita. Akajibu kwa sentensi tatu ndefu, akihesabu kwa vidole.

Watu watatu walimtazama Mama Jalada. Chumba chote kilikuwa chake. Angesema lolote, lingeandikwa, lingegongwa muhuri, na jalada lingebaki wazi maisha yake yote. Hakuna ambaye angejua. Aliona kalamu ya katibu ikingoja hewani. Hata Dereva alimpa jicho, jicho la kusema, mama, usijiangushe.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mtahini anasema bibi anazungumza vibaya," alisema. "Anasema anaongea kama mtoto wa jirani, na yule ana miaka miwili na bado anavaa nepi. Halafu anasema mtoto wa jirani haulizi kuhusu meno. Halafu anasema nimpigie kesho, anionyeshe kama jingine linatikisika."

Dereva alishika kichwa.

"Vibaya," alirudia Afisa Utumishi polepole, akaandika. Haikuonekana kama imemfurahisha. "Mama, kanuni..."

"Naijua kanuni. Nimeipanga mimi kwenye rafu."

Simu ikaagwa. Utepe ukaletwa. Mwalimu akasaini kwamba hatamfundisha tena mwanafunzi yule. Mama Jalada akahamia kiti cha pili, mwanafunzi akasaini kwamba hatajifunza tena kwa mwalimu yule. Mkuu wa Idara aliandika kwa wino mwekundu, "Nimeona. Lifungwe," na kwa mara ya kwanza watu wakamwona amesoma alichokiona, maana aliongeza, kwa herufi ndogo, "Pole."

"Usipate taabu, mkuu," alisema Mama Jalada, akikaza fundo. "Hawa wawili wamefanya walichoweza. Waache wapumzike."

Akalishusha chini, akaliweka kwenye rafu ya yaliyofungwa, akazima taa, akaenda nyumbani.

Ijumaa jioni simu iliita kabla hajaipiga yeye. Babu alikuwa anavua viatu. Alipotaka kusogea na mlio wa mbuzi tayari kooni, aliona mgongo wa mkewe umejaza nafasi yote, akakaa kitako na kiatu kimoja mguuni.

Mtoto alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuja karibu mno na kioo, kikajaa ulimi na giza, akarudi nyuma. Akaweka kidole kwenye jino la kwanza la chini, akataja namba. Akangoja. Bibi akaitaja. Kidole kikaenda la pili. Walikwenda vizuri mpaka la sita. Kwenye la saba bibi akataja namba ambayo haikuwa jirani nayo hata kidogo. Mtoto akaufunga mdomo, akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayepima kama kazi hii inafaa kuendelea, kisha akaufungua tena, mpana kuliko mwanzo, na kurudisha kidole kwenye jino la kwanza.